Kiswahili ni lugha ya dini? Walimu tarajali wa Rumonge na lugha zao mbili

   



Katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu anazitaja lugha zetu zinazohitilafiana pamoja na rangi zetu, na anazitaja sambamba na uumbaji wa mbingu na ardhi. Zote ni ishara Zake kwa wenye kujua. Aya hii tunaisikia sana katika mihadhara ya umoja. Swali ambalo sijalisikia likiulizwa ni hili: ikiwa lugha zote ni ishara Zake, imekuwaje sehemu nyingine Waislamu wakaifanya lugha moja kuwa ya dini na nyingine kuwa ya jikoni, na hali yote mawili si Kiarabu?

Sehemu ninayoijua mimi ni Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese na samaki. Mwaka 2015 ulifanywa makao ya mkoa, na mwaka 2025, mikoa ya nchi ilipopunguzwa kuwa mitano, ukaingizwa katika mkoa wa Burunga. Mtoto wa mjini pale hukua na lugha mbili. Kirundi anakipata kwa mama na majirani, Kiswahili anakipata sokoni, ufukoni na madrasa. Kifaransa kinamsubiri shuleni, na siku hizi na Kiingereza pia. Baadhi ya watoto hao sasa wamekuwa wanafunzi wa ualimu kama mimi, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia: vijana wa lugha mbili wanaokaribia kusimama mbele ya darasa. Wanakionaje Kiswahili? Na jinsi wanavyokiona inamfanya nini mwanafunzi aliyekaa mbele yao?

Njia ya kuuliza nimeiazima Uturuki. Katika vyuo vya ualimu vya huko kuna zoezi ambalo watafiti wao wamelizoea sana. Mwalimu tarajali hupewa sentensi yenye mapengo mawili: Kituruki ni kama kitu fulani, kwa sababu fulani. Hawapewi tu Waturuki. Wanapewa pia wageni wanaojifunza lugha hiyo, wakiwemo vijana wa Afrika waliokwenda kwa ufadhili wa masomo na kuanza na mwaka mzima wa lugha kabla ya kuingia darasani. Uzuri wa zoezi ni kwamba mtu akiulizwa moja kwa moja kama anaipenda lugha atajibu kwa adabu, lakini akiulizwa inafanana na nini, moyo wake hutoka.

Likizo iliyopita nilikaa na wenzangu wanaosomea ualimu, barazani baada ya Alasiri, nikawapa sentensi hiyo kwa Kiswahili badala ya Kituruki. Hayakuwa zaidi ya mazungumzo, kwa hiyo sitawapa hesabu wala asilimia. Nitawapa majibu.

Mmoja alisema Kiswahili ni kama kanzu: ukienda msikitini unaivaa, ukirudi unaitundika. Mwingine akasema ni kama mawese, kwa sababu hayachagui chungu. Akadakizwa hapo hapo kwamba mawese pia yakidondokea nguo hayatoki, na watu wakacheka, kwa sababu kila mtu alijua doa linalosemwa. Dada mmoja alikifananisha na taa za wavuvi usiku wa giza, zinazowaka ziwani na kuwakusanya dagaa kutoka pande zote. Niliupenda mfano huo mpaka nilipokumbuka dagaa wakishakusanyika wanafanywa nini.

Jibu ambalo halijanitoka kichwani lilikuwa la ndugu aliyezaliwa kambini Tanzania. Alisema Kiswahili ni kama nyumba ya kupanga: umeishi ndani yake vizuri, umezaliwa humo, lakini hati si yako.

Kisha nikawageuzia sentensi. Kirundi ni kama nini? Majibu yalikuja haraka: mama, chungu cha nyumbani, kitovu, shamba la babu. Mifano mizuri yote. Katika wale waliokuwa Waislamu, na ndio waliokuwa wengi, hakuna aliyetaja Kirundi pamoja na ibada, elimu au kitabu. Dini yote ilikuwa imewekwa upande mmoja.

Doa lilitoka wapi

Kiswahili kiliingia ufukoni kwa jahazi na kwa msafara, kikitokea Ujiji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walijaribu kuingia ndani zaidi, na miongoni mwao alikuwa Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasipande milimani. Matokeo yake tunayaona hadi leo: Kiswahili na Uislamu vilibaki chini, kwenye ukanda wa ziwa, na milima ikabaki na Kirundi. Tusifiche pia kwamba misafara ile ilifanya biashara ya watumwa. Watu wa milimani hawakukutana na lugha hii kwanza kupitia mwalimu wa Qur'ani. Sisi Waislamu tukisimulia historia ya pwani huwa tunaruka ukurasa huu, na kwa maoni yangu kuuruka ndiko kunakotufanya tushindwe kuelewa kwa nini jirani yetu anashtuka.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1897 walijenga ngome Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, na walitawala kwa Kiswahili kupitia askari na makarani. Hapa niweke jambo la pembeni kwa wale wanaopenda asili ya maneno. Jeshi lile la Wajerumani lilianza mwaka 1889 kwa askari wa Kisudani walioletwa kutoka Misri, na walikuja na vyeo vya jeshi la Kituruki. Koplo aliitwa ombasha, sajenti aliitwa shaushi, na afisa aliitwa efendi. Efendi huyo ndiye afande wetu wa leo. Kwa hiyo Kituruki kilishafika kwenye ziwa letu zamani, kikiwa kimevaa magwanda ya Mjerumani, na hakuna aliyekiita lugha ya dini.

Wabelgiji walipochukua nchi kuanzia mwaka 1916, Kiswahili kilisukumwa pembeni. Shule ziliachwa mikononi mwa misheni, na zikafundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Kiswahili kikabaki katika mitaa ya mjini kama Buyenzi kule Bujumbura, na katika miji ya ufukoni kama yetu. Ukichanganya hayo yote unapata neno umuswahili kama linavyotumika Burundi. Kwanza lina maana ya Mwislamu. Pili lina maana ya mtu wa mjini. Tatu lina maana ya mtu mjanja, asiyeaminika kwa maneno. Maana tatu katika neno moja, na mwalimu tarajali wa Kiswahili anaingia nazo darasani hata kabla hajafungua mdomo.

Ajabu ni kwamba Kirundi kina na neno la upande wa pili. Mtu mstaarabu, msafi, mwenye adabu za kisasa anaitwa umusirimu. Sikio la Mswahili haliwezi kulitenganisha neno hilo na silimu. Kwa hiyo jirani yetu anatuita wajanja kwa neno moja na wastaarabu kwa neno jingine, na yote mawili yametoka nyumbani kwetu.

Madaraja matatu ya walimu

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili kiliingia katika masomo ya shule za msingi. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikiongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupata cheo hicho, lakini kinafundishwa. Kikifundishwa lazima apatikane mwalimu, na walimu tarajali wanaokuja kukifundisha kwenye ukanda wetu hawatoki mahali pamoja.

Wapo wa ufukoni, Waislamu wengi wao, ambao Kiswahili wamekinyonya. Wapo waliorudi kutoka Tanzania. Mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanzia upande wetu wa kusini mwezi wa Aprili, yaliwakimbiza watu wengi mno hadi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto na wajukuu wao walisoma kwa Kiswahili katika mtaala wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirejea, wengi wakiwa Wakristo. Hao wanakijua Kiswahili cha ubao na chaki kuliko sisi, lakini shuleni walikutana na Kifaransa wasichokijua, na nyumbani walikuta mashamba ya wazazi yanalimwa na watu wengine. Mkikumbuka hayo mtaelewa mfano wa nyumba ya kupanga. Na wapo wa milimani, waliokutana na Kiswahili kama somo la mtihani.

Angalieni sasa tofauti inapotokea kwa mtoto mmoja tu. Mtoto wa Kirundi anaandika kurara akikusudia kulala. Hili si jambo la kushangaza, kwa sababu Kirundi hakitofautishi r na l, na kurara katika Kirundi ni neno kamili lenye maana ya kupitisha usiku mahali. Mtoto ametumia neno la ndugu wa Kiswahili badala ya neno la Kiswahili. Mwalimu tarajali wa ufukoni, ambaye kwake lugha hii ni kanzu, humsahihisha kama ustadhi anavyosahihisha makharij ya herufi: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na darasa linacheka. Ametoka na mazoea ya madrasa, ambako herufi ya Qur'ani haina mchezo, akayahamishia kwenye lugha ya samaki na soko. Aliyerudi kutoka Tanzania husahihisha kwa kipimo cha vitabu alivyosomea. Kwake mtoto akiandika ndagala amekosea, ni dagaa. Akisema mukeke amekosea, ni mgebuka. Lakini samaki ni wale wale na ziwa ni lile lile, ila Rumonge wana jina lao na Kigoma wana lao. Wa milimani yeye hasahihishi kitu, anasoma kitabu kwa sauti mpaka kengele inalia, kwa sababu anaogopa mtoto wa mvuvi aliyekaa nyuma asije akamcheka yeye.

Wote watatu wanaijua lugha. Kinachotofautiana ni wanavyoiona.

Kuna jambo dogo ambalo laiti lingefundishwa wiki ya kwanza. Kwa nini Mrundi anasema igitabo na si ikitabo? Kwa nini igikombe, na kwa nini Igiswahili, lakini Ikirundi na ikibanza vinabaki na k? Kirundi hakipendi sauti ya k ya kiambishi ikifuatwa na silabi yenye t, k, s na wenzake. Huigeuza k hiyo kuwa g. Mbele ya r au b haina tatizo. Ni kanuni iliyonyooka. Mwalimu akiijua, mtoto anayesema gitabu haonekani tena mjinga. Anaonekana mtu mwenye sheria kichwani, anayehitaji kuambiwa tu kwamba Kiswahili hakina sheria hiyo.

Na mwalimu akiendelea kuchimba atakuta mali zaidi. Igitabo ni kitabu, ikaramu ni kalamu, isaha ni saa, umwarimu ni mwalimu. Neno ambalo Mrundi anamwita nalo mwalimu wake limepita katika Kiswahili likitokea Kiarabu. Hata umusaraba, neno analolitumia Mkatoliki wa Burundi kwa msalaba wa kanisani kwake, limepita njia hiyo hiyo. Tukumbuke kwamba mapadri wa kwanza, wale White Fathers, walipofika nchini mwaka 1879 walitua hapa hapa Rumonge, ingawa miaka miwili baadaye watatu katika kundi lao waliuawa na kituo kikafungwa. Dini zote mbili zilishuka kwenye ufuko ule ule, na zote mbili ziliazima kutoka katika sanduku moja la maneno. Sasa mwanafunzi Mkristo wa Burundi anayedhani kwamba kusoma Kiswahili ni kusogezwa msikitini, aonyeshwe umusaraba. Na mwanafunzi Mwislamu anayedhani Kiswahili ni chake peke yake, aonyeshwe neno hilo hilo.

Upande wa dini

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndilo fani langu.

Katika Sura Ibrahim, aya ya 4, tunafundishwa kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Lengo lililotajwa ni kubainisha. Mtume wetu (S.A.W.) alipohitaji kuandikiana na Mayahudi alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi yao, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi, kama ilivyopokewa na Tirmidhi na Abu Dawud. Hakungoja wao wajifunze Kiarabu.

Wanazuoni wetu wamelijadili jambo hili kwa kirefu katika mlango wa khutba ya Ijumaa. Kwa Mashafii, ambao ndio sisi wa pwani na maziwa, nguzo za khutba zinatakiwa ziwe kwa Kiarabu. Imam Abu Hanifa aliruhusu lugha nyingine. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 5 mwaka 1402 Hijria, liliamua kwamba katika nchi zisizo za Kiarabu, Kiarabu si sharti la kusihi kwa khutba, ila ni bora ufunguzi na aya zisomwe kwa Kiarabu kisha mawaidha yawe kwa lugha ya watu. Katika mjadala wote huo lugha zinazozungumzwa ni mbili: Kiarabu, na lugha ya wanaosikiliza. Hakuna mwanazuoni aliyeweka daraja la tatu katikati, la lugha ambayo si ya Qur'ani na si ya wasikilizaji, kisha akalifanya kuwa la lazima. Ufukoni kwetu daraja hilo tumeliweka wenyewe, bila fatwa.

Wenzetu Waturuki wana mafunzo mawili hapa. La kwanza ni la mpaka usiovukwa. Kuanzia mwaka 1932 serikali ya Uturuki iliamrisha adhana itolewe kwa Kituruki, na hali hiyo iliendelea mpaka tarehe 16 Juni 1950, adhana iliporejeshwa kwa Kiarabu. Watu walilia kwa furaha siku hiyo, na haki walikuwa nayo. Adhana na sala haziguswi. La pili ni la upande wa pili. Waturuki waliohamia Ujerumani kuanzia mkataba wa kazi wa mwaka 1961 walijenga misikiti yao na kuleta maimamu kutoka Uturuki, na khutba zikawa za Kituruki. Kwa wazee ilikuwa faraja. Kwa wajukuu waliozaliwa Köln na Berlin, Kituruki kikawa lugha ya bibi na ya msikiti, na Kijerumani kikawa lugha ya kufikiria. Kijana wa lugha mbili anayesomea ualimu kule ana swali lile lile la kijana wa Rumonge: nikimfundisha mtoto huyu dini yake kwa lugha ya babu yangu, namhifadhia dini au namhifadhia babu? Jumuiya zao zimeanza kujibu, na khutba nyingi sasa zinatolewa pia kwa Kijerumani.

Kwetu swali hili lina sura ya mtu. Kuna mzee mmoja wa upande wa milima ya Bururi, aliyesilimu akiwa mtu mzima. Anasali, anafunga, Fatiha ameihifadhi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akimfundisha aligundua kwamba baada ya sala mzee huinuka na kuondoka mara moja, hanyanyui mikono kuomba dua. Alipomuuliza kwa upole, mzee akaeleza kwamba maneno ya dua hana. Ya Kiarabu hayajui, na Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba anaweza kumwomba Mola wake kwa Kirundi. Hakuna aliyemkataza. Ila tangu siku ya kusilimu kwake, kila aliyemfundisha alimfundisha kwa Kiswahili, akapewa jina, akapewa kofia, akapewa lugha, akadhani vyote ni sharti moja. Miaka ameipitisha hivyo, ana shida kama wengine, ana wajukuu wanaougua kama wengine, na ulimi wake umefungwa mbele ya Anayesikia kila lugha.

Na ukitazama, Waswahili wenyewe hawakufungwa hivyo. Walipousoma Uislamu hawakung'ang'ania kila neno la Kiarabu. Walisema Mungu, na Mungu ni neno la Kibantu. Walisema Mtume, kutokana na kutuma. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipoitoa tafsiri yake kamili ya Qur'ani mwaka 1969 hakuona haya kuandika Mwenyezi Mungu. Kirundi kina Imana. Kina intumwa, kutokana na gutuma, mzizi ule ule kabisa wa mtume wetu. Mlango upo wazi, na ufunguo ni ule ule tulioutumia sisi.

Wapo wanaohofu kwamba tukifundisha dini kwa Kirundi, Kiswahili kitakufa Rumonge. Hofu hiyo naiheshimu, maana lugha hii ndiyo iliyowaweka Waislamu wa nchi ile pamoja bila ya kuulizana kabila wakati ambapo kuulizana kabila kulikuwa kunaua. Lakini siioni hatari yenyewe. Kiswahili kina soko, kina redio, kina mpaka wa Tanzania na wa Kongo, na tangu mwaka 2021 UNESCO wamekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Hakihitaji kushikiliwa na udhu wa mzee wa Bururi.

Kazi tuliyonayo

Wenzangu wachache wa ualimu tumeanza kuandaa somo la kwanza la fiqhi kwa Kirundi, la watu wazima waliosilimu karibuni. Tulichagua twahara tukidhani ndiyo rahisi. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye maji.

Kiswahili kinasema kunawa, kuosha, kuoga, kutawadha. Kirundi nacho kina gukaraba kwa mikono, kwoga kwa mwili mzima, kwoza kwa vyombo. Ukitumia gukaraba peke yake, mtu anaona umemwambia anawe kabla ya kula. Ukitumia kwoga amekwenda ziwani. Tukakubaliana kuacha neno udhu lenyewe, kisha kila kiungo kielezwe kwa kitendo chake, na mwalimu atende huku anasema.

Kwenye nia tumekwama. Mmoja anataka umugambi, lakini wengine wanaona umugambi unaelekea kwenye mpango, kama mtu anapanga safari. Mwingine anataka intumbero, ila hilo limezoeleka kwenye shabaha za semina na mikutano. Wa tatu anasema tuache niya kama ilivyo, kisha tueleze kwamba mahali pake ni moyoni na kwamba ulimi si sharti. Dada yule wa taa za wavuvi ndiye aliyesema tumuulize mzee mwenyewe, kwa sababu anayajua mambo ya moyo kwa Kirundi kuliko sisi sote tuliosomea mjini. Atakwenda yeye, Inshaallah, likizo ijayo, pamoja na mwenzetu anayemfundisha.

Kama yupo katika wasomaji wa jarida hili anayezungumza Kirundi, au Giha cha Kigoma ambacho ni jirani yake wa karibu, na ana neno alilolisikia kwa wazee wa kwao, atuletee baada ya darasa la Jumamosi. Tumebakiza nia, najisi na janaba.

Wallahu a'lam.